Fuko Agusa Mwezi

Alikuwapo Fuko mmoja, fundi hodari wa kuandika programu za vishikwambi. Wenye macho walizisifu sana. Yeye mwenyewe, kipofu wa kuzaliwa, hakuwahi kuiona hata moja.

Siku moja Nguchiro akamjia na kishikwambi chenye mfumo mpya aliouunda mwenyewe.

"Mzee Fuko, niandikie programu za mfumo huu."

"Wanaoutumia ni wangapi?"

"Mimi na mama yangu."

Fuko akacheka. "Nipoteze msimu mzima kwa ajili yenu wawili? Nenda, mwanangu."

"Weka kiganja kwanza," Nguchiro akamsihi.

Fuko akakigusa kioo shingo upande. Kioo kikainuka chini ya vidole vyake, kikawa mto: maji yanapita, mawe yanateleza, tembo anashuka kunywa. Akampapasa tembo kuanzia mkonga hadi mkia.

"Huyu ndiye tembo?" akanong'ona. "Kumbe ni mkubwa hivi?"

"Ndiye, mzee."

Fuko akaziacha kazi zake nyingine zote. Programu yake ya kwanza ya mfumo huo ilikuwa mwezi. Mafuko wa nchi nzima wakatoka mashimoni, wakaugusa mmoja mmoja, kisha wakapanga foleni tena.