Sauti Nyembamba za Juu

"Huu nao umekatwa kichwa," mkaguzi alisema peke yake, akabonyeza kitufe cha kukataa.

Ulikuwa wa thelathini na sita wiki hiyo. Watu walichukua wimbo uliokwisha kubanwa ili utoshe kwenye simu, wakaujaza upya mpaka faili likawa zito, kisha wakaapa kwamba umetoka studio moja kwa moja. Lakini wimbo ukishabanwa, sauti nyembamba za juu kabisa hukatwa, na zikikatwa hazirudi ng'o. Kwenye kioo cha kompyuta mchoro wake huishia njiani, sawasawa, kama nyumba isiyo na paa. Mkaguzi alikuwa amechoka kutazama nyumba zisizo na paa. Alikuwa amechoka, basi.

Isitoshe, masikio yake yalishazeeka. Sauti zile za juu hakuzisikia tena. Alizikagua kwa macho, na jambo hilo hakumwambia mtu yeyote pale kazini.

Aliyefuata alikuwa mjane wa rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa mwimbaji, na mkaguzi ndiye aliyemrekodi nyimbo za kwanza, enzi hizo wote wawili hawana mbele wala nyuma. Miaka kumi na miwili iliyopita akaenda kuimba ng'ambo. Mwaka haujaisha, ikaja habari kwamba amefia huko na kuzikwa huko huko. Alipokuwa hai nyimbo zake zilidoda madukani. Alipokufa kila redio ikamlilia.

"Hizi alizirekodi mwezi ule wa kuondoka, shemeji," mjane alisema, akiweka diski mezani. "Na cheti cha kifo nimekuja nacho."

"Cha nini? Mimi nakagua nyimbo tu."

"Nimeona nikibebe, kama kitahitajika."

Kampuni ya muziki ilikuwa tayari kuzitoa nyimbo hizo, ila kwa sharti moja: mkaguzi athibitishe kwamba ni za studio, hazijabanwa wala kujazwa. Asipotia sahihi, hakuna mkataba, na mjane alishauza mpaka kitanda.

Simu ya mjane ikaita. "Meza dawa kwanza, nakuja," alinong'ona, akakata. "Nimeacha mgonjwa nyumbani, shemeji. Tufanye haraka."

Mkaguzi akaufungua wimbo wa kwanza. Gitaa likatangulia, kisha ile sauti. Alimkumbuka rafiki yake kuliko alivyotegemea, akajifanya anafuta miwani.

Mchoro ukaanza kupanda kiooni. Ukapita pale ambapo nyingi hukatwa, ukaendelea mpaka juu kabisa, umejaa vizuri.

"Vipi, shemeji?" Mjane alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Haujakatwa popote. Ni mzima."

"Una hakika?"

"Mzima kabisa. Nimekaa mwezi mzima sijaona kitu safi namna hii."

Mjane akaangua kicheko kilichochanganyika na kilio. Mabega yake, yaliyokuwa juu tangu aingie, yakashuka. Mkaguzi naye akafurahi, furaha ya mtu aliyechoka, akavuta fomu na kuchukua kalamu.

Ndipo macho yake yakarudi kiooni, kwa mazoea tu.

Kule juu, mahali ambapo masikio yake hayafiki tena, palikuwa na uzi mwembamba mweupe. Ulitokea kila mwimbaji alipotamka neno lenye "s", ukapotea, ukatokea tena. Mbinja. Alishawahi kuiona mara nyingi aliporekodi wazee wenye mapengo. Pumzi hupenya kwenye pengo na kupiga mbinja bila mwenyewe kujua. Faili lililobanwa lingeifuta yote.

Akafungua wimbo wa pili. Uzi ulikuwepo. Wa tatu, upo vilevile.

Rafiki yake aliondoka na meno yote. Akaiweka kalamu chini taratibu.

"Shemeji," aliuliza, bila kuondoa macho kiooni, "hivi meno ya mbele yalimtoka lini?"

Mjane alikuwa anafunga mkoba, furaha bado imemjaa usoni.

"Mwaka juzi," akajibu.