Roketi ya Saba ya Bienvenu

Safari hii Bienvenu hakupita kutangaza.

Mara sita alikuwa amezunguka na kipaza sauti kijiji kizima cha wakimbizi wa vita, pale karibu na Kabazana: "Leo tunarusha roketi! Si vita, ndugu zangu, ni mimi Bienvenu!" Na mara sita watu walijaa mlimani, roketi ikatoa moshi, pfuu, ikalala ubavu. Loo, walivyomcheka! Wakampa na jina: Mheshimiwa Moshi. Mtu aliyesoma ufundi miaka yote ile Bukavu! Basi hii ya saba hakumwambia mtu kijijini, hata mama yake.

"Hii ya saba ikianguka, mimi basi," alimwambia Kabanda, mchomeleaji wa mtaa wa Ruti na mwenzake wa pekee katika kikampuni chao cha roketi. "Wewe urudi kwa mageti yako, mimi nirudi kwa jembe."

Asubuhi alimwacha mama yake, Orpa, akimbembeleza Nathalie, binti wa miezi minane, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe.

"Analia mingi huyu mutoto," Orpa alilalamika. "Kule Fizi, tulipokuwa tunajificha mu pori, mutoto wa kulia hivi angetuletea kifo."

"Ni meno, mama. Itapita."

Akambusu mtoto, akapanda mlimani kimyakimya na Kabanda.

Kabanda akabonyeza swichi.

Ulipasuka mlio kama wa bomu! Ng'ombe wa upande wa Masha walitimka, vumbi likawafunika wao wawili, na roketi ikapanda, ikapanda, hadi ikawa ndogo kama punje ya mtama. Bienvenu alipiga magoti akalia kwa furaha. Miaka minne ya majaribio, jamani! Walishuka wameshikana mabega, wakiimba.

Kijijini hapakuwa na mtu. Milango wazi, maharage yanaungua motoni, kandambili zimetapakaa njiani. Bienvenu akakimbia nyumba kwa nyumba akiita.

"Mama! Ilikuwa roketi! Mama!"

Walitafuta saa nzima, mpaka kwenye matete ya ziwani. Huko alimkuta Orpa amejikunja matopeni, mtoto kifuani, kiganja cha bibi kimemziba pua na mdomo.

"Sss! Lala chini, mwanangu," alinong'ona, akamtazama kwa fahari. "Hawatatusikia. Tangu bomu ilie nimemuziba mudomo. Angalia vile ametulia."