Mkaguzi wa Kisarawe

"Umerudia tena kitu kilekile. Umenichosha, dada."

Nuria alisoma ujumbe huo akapiga meza mpaka chai ikamwagika. Ofisi nzima ya Kibaha ikageuka.

"Zubeir?" aliuliza Atupele, bosi wake.

"Nani mwingine?"

Kwenye kampuni yao, programu haiendi kwa mteja kabla mwenzako hajaipitia. Nuria alikuwa ameandika programu ya miadi ya zahanati kwa Ruby, lugha ya kompyuta. Mkaguzi wake, Zubeir, alifanyia kazi nyumbani Kisarawe; hawakuwahi kuonana. Leo muda wa majaribio wa Nuria ulikuwa unaisha. Zubeir asipopitisha, kazi hana.

Mwezi mzima alikuwa akimchambua kama karanga. "Mgonjwa umemwita mgnjw. Jina gani hilo, nani atalitamka?" "Mstari mrefu hivi, nikifika mwisho nimeshasahau mwanzo." "Ruby nzuri ni kama mtu anaongea. Wewe unabwabwaja." Nuria akaipiga picha skrini nzima akamtumia, aone programu inavyofanya kazi vizuri. Jibu likaja: "Picha za nini? Niandikie."

"Dharau hiyo!" Nuria alifoka. "Hata kutazama hataki! Namfuata hukohuko."

"Nenda," alisema Atupele bila kuinua kichwa. "Itakusaidia."

Bodaboda ilimfikisha Kisarawe akiwa amejaa vumbi na maneno ya kumtolea mtu. Uani, mama mmoja alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, mama. Namtaka Zubeir. Mimi ni Nuria."

"Marahaba. Kumbe ndiye wewe! Tunakusikia humu ndani tangu asubuhi. Mwanangu yuko chumba kile."

Nuria hakungoja kuelewa. Aliusukuma mlango kwa nguvu, kitu kikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Wewe kaka, nimekukosea nini?"

Kijana aliyekaa kitandani aliinua kidole, kumnyamazisha. Kompyuta ilikuwa mapajani mwake, skrini giza tupu. Ndani yake sauti kavu ilikuwa inasoma mbiombio: "M, g, n, j, w. M, g, n, j, w. M, g, n, j, w…"

Nuria alisikiliza mpaka akatamani kuiziba mdomo.

"Umechoka na wewe, siyo?" alisema Zubeir, uso ameuelekeza dirishani. "Kaa tuirekebishe programu yako, leo ipite. Ila kwanza niokotee fimbo yangu nyeupe, dada. Umeiangusha hapo mlangoni."