Risiti za Lori Namba Saba

Wenzangu walikuwa wamejipanga kupiga picha mbele ya ghala la saruji, chini ya bango: TUMEPUNGUZA MOSHI, TUMEFIKIA LENGO. Hesabu za bango hilo nilizipiga mimi, afisa mazingira wa kampuni, kutoka kwenye daftari la pampu yetu ya dizeli.

Dereva wa lori namba saba alinifuata ofisini na mfuko wa nailoni. Ndani mlijaa risiti za dizeli za mwaka mzima, zimenyooshwa moja moja na kufungwa kwa mpira.

"Mimi hujaza njiani, dada Mazingira. Si ulisema kila lita ihesabiwe? Wenzangu wananicheka, eti nimegeuka karani."

Katika kampuni nzima, yeye peke yake ndiye aliyenisikiliza. Nilijumlisha lita zake na zile za daftari. Lengo hatukulifikia, wala hatukulikaribia.

"Nimekosea?" aliuliza.

"Hapana, kaka. Umefanya vizuri kabisa."

Nje meneja alipaza sauti: "Mazingira! Picha itanoga vipi bila wewe? Njoo ukae katikati!"

Kupitia dirishani niliiona nafasi waliyoniachia, ya mtu mmoja. Nilizifunga tena risiti, vidole vikinuka dizeli, nikatoka kumwomba mlinzi ngazi ya kulifikia bango.