Nanga ya Nahodha Aliyepotea Njia

Mwongoza watalii alipowafikisha kwenye nanga iliyosimikwa ufukweni, Winifrida alijibanza nyuma ya wenzake. Babu yake ndiye aliyekuwa nahodha wa meli yenye nanga hiyo ilipogonga mwamba, na nyumbani kwao, kwa aibu, jina lake lilikuwa halitajwi kabisa.

"Nahodha alipotea njia," mwongoza watalii alisema, "na walionusurika wakajenga mji huu. Asingepotea, sisi tusingekuwepo. Kila mwaka tunamkatia keki."

Winifrida alishusha pumzi. "Ni babu yangu huyo," alisema, kwa mara ya kwanza mbele ya watu.

Mwongoza watalii alimtazama, kisha akawageukia watoto waliokuwa wakiteleza juu ya nanga. "Mpisheni bibi akae."

Watoto wakabanana. Winifrida akavua viatu, akapanda. Chuma kilikuwa na joto la jua, laini kwa kukaliwa.