Jina la Juu ya Ukurasa

Kurasa za marehemu Lugendo zilichapwa zikiwa na jina la msimamizi wake juu. Msimamizi huyo, Chande Mrope, ndiye aliyemlazimisha kuingia kwenye shimo la mgodi lililokuwa limeanza kubomoka, na wote wawili wakafia humo. Kitabu cha kuwakumbuka waliofukiwa kiliwaweka jirani.

"Hili jina linafanya nini juu ya mwanangu?" mama yake Lugendo aliuliza kwenye kiwanda cha uchapaji.

"Mama, hapo juu kompyuta inajiandikia yenyewe," alisema Hamduni, mpangaji wa kurasa. "Inachukua jina kwenye kichwa cha sura. La mwanao nililibandika kwenye picha, sikuliandika kama kichwa. Haikuliona, ikaendelea na la sura iliyotangulia."

Akaongeza mstari mmoja wa maagizo. Kwenye kioo cha kompyuta kurasa zote za marehemu zikabadilika: Lugendo, Lugendo, Lugendo, Lugendo.

Mama akakigusa kioo kwa kidole. "Kumbe rahisi hivi! Basi chapeni."

"Hiyo ni ya toleo la pili," alisema mwenye mtambo wa kuchapia, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya wali.

"Lini, baba?"

"Wakifa wengine."

Hamduni alicheka kabla hajajizuia.

Mama aliomba wembe, akaketi sakafuni, akafungua kitabu na kuanza kukata sehemu ya juu ya ukurasa wa mwanawe, penye jina la Mrope. Hakuna aliyemkataza. Vitabu mia mbili vilikuwa vimeshagawiwa mjini. Mia moja vilikuwa mbele yake.