Kikombe, Ufagio, Mwavuli

"Mama, nipe simu kidogo tu."

Mama mkwe hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni, palepale pa siku zote, miguu kainyoosha hata asipite mtu, anamenya viazi. Simu ya mkazamwana wake alikuwa ameichomeka kifuani, ndani ya nguo.

"Ya nini?"

"Nimuage shangazi. Si tunahama leo?"

"Kuaga hakupunguzi safari. Tena haina chaji. Kafunge vyombo."

Mke akarudi kufunga vyombo. Mumewe, fundi wa magrili, alikuwa karakana akipakia mashine zake kwenye lori. Kapata kazi mbali, mahali ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, simu hata uirushe juu haishiki mtandao. Alilisema hilo huku anacheka. Madirisha yote ya nyumba ile aliyachomelea vyuma kwa mkono wake. Mwizi haingii, na aliye ndani hatoki.

Fundi alisoma kila ujumbe ulioingia na uliotoka. Picha ya mkewe kwenye profaili aliikataza tangu wiki ya harusi. "Huo uso unamuuzia nani? Weka kikombe, weka ufagio, vitu vya nyumbani."

Basi mke akaweka kikombe.

Asilolijua fundi ni kwamba shangazi, mshonaji aliyemlea binti huyo, alipokuja kuwatembelea mara ile moja, walipatana kwa kunong'ona huku wanaosha masufuria. Kikombe: nimeamka salama. Ufagio: nimepigwa. Mwavuli: njoo unichukue.

"Huo mwavuli ukiuweka tu, naondoka na nguo niliyovaa," shangazi alisema. "Na ukitoka hurudi. Usinichezee, mwanangu."

Picha zote tatu zilikuwa simuni. Kikombe na ufagio vilipokezana mwaka mzima, mwavuli haukutoka. Kila mume alipoomba radhi, mke alijiambia labda safari hii kaacha kweli. Shangazi huko aliko akiuona ufagio alilia, akangoja.

Lililomtesa zaidi mke ni yule mama. Mbaya wa nje unamfungia mlango, wa ndani utamfungia nini? Yeye ndiye aliyeshika simu, yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa geti. Kila mchana alimpa simu kidogo, kisha akamkalia ubavuni, macho kwenye kioo kama anayechambua mawe kwenye mchele. Kusoma hakujua, lakini kutazama, alitazama.

"Hapo umebonyeza wapi?" aliuliza siku moja. "Hebu nionyeshe. Nami nikipata ya kwangu nimweke kuku, maana uso wangu huu umeshachakaa." Akacheka, mara akaziba mdomo kwa kiganja, pale jino la mbele lilipotoka. Alianguka bafuni. Ndivyo fundi alivyowaambia majirani.

Juzi kidole chake kilitua kwenye picha ya tatu. "Na huu mbona huuweki? Picha tatu, zinazofanya kazi mbili."

"Nangoja mvua, mama."

Mama mkwe aliichukua simu, akaichomeka kifuani. "Haya. Kaa hapo uloe."

Jioni hiyohiyo fundi akatangaza habari ya kuhama. Usiku mke hakulala. Kulipokucha aliinuka na neno moja tu kichwani, mwavuli, akaenda kuomba simu. Akanyimwa. Mchana akanyimwa. Na leo hivi, siku yenyewe ya safari, amenyimwa tena.

Aliziacha sahani, akarudi jikoni, akapiga magoti mbele ya beseni la viazi.

"Mama, nakuomba kama ninavyomwomba aliyenizaa. Nikifika huko mimi nitafia huko."

"Nyamaza."

"Mama—"

"Nimesema nyamaza." Kisu kilikuwa kimesimama. Mama mkwe alikuwa ametega sikio barabarani.

Gari likanguruma, likapunguza mwendo, likasimama nje. Lori, mapema hivi! Mama mkwe akainuka, akafuta mikono kwenye nguo, akafungua fundo la ufunguo kiunoni na kwenda getini, ambako mafurushi ya safari yalikuwa yamepangwa tayari. Hakukimbia, hakukawia.

Mke alisikia kufuli likianguka. Kisha akasikia sauti ambayo hakuitegemea.

"Yuko wapi mwanangu?"

Alitoka mbio. Nje kulikuwa na teksi ndogo yenye vumbi, na shangazi anaingia uani, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni.

"Twende, twende! Jana nimeuona, jua likizama, gari nimepata alfajiri."

"Umeona nini, shangazi?"

"Mwavuli, mwanangu! Si umeuweka?"

"Mimi?" Mke alisimama katikati ya ua. "Simu sijaigusa tangu juzi."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakageuka kumtafuta mwenye ufunguo. Kwenye kizingiti palikuwa na viazi na kisu tu. Getini hapakuwa na mtu.

"Mnapiga soga mnamngoja nani?"

Sauti ilitoka ndani ya teksi. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma, furushi la nguo zake mapajani, anajisogeza dirishani kuwapisha.

"Ingieni," alisema. "Namjua mwanangu, hachelewi."